Mama Jirani na Neno One

Mke wangu alifariki nyumba yetu ya Mandewa ikiwa bado haijapigwa lipu. Tuliijenga polepole kwa miaka mingi, chumba hadi chumba, tukiambizana kwamba siku nitakapostaafu tutahamia huko, tutafuga kuku, na yeye atakuwa na jiko lenye dirisha kubwa la kumwonyesha yale mawe makubwa ya huko. Siku ya kustaafu ilifika, nikahamia na masanduku mawili na vitabu vyangu. Dirisha lilikuwapo. Mwezi wa kwanza nilikuwa nasonga ugali wa watu wawili kila siku, kwa sababu mkono ulizoea kipimo kile, kisha ule uliobaki ninautupia kuku.

Nilikuwa nimefundisha Kiingereza shule za sekondari kwa miaka thelathini na mmoja. Watoto wetu wawili wako mbali, mmoja Mwanza na mwingine Dar es Salaam, na wote walikuwa wakinipigia simu Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine za wiki zilipita bila mtu kuniita. Kuna siku nilifika jioni nikagundua kwamba tangu asubuhi sijatoa neno mdomoni, na nilipotaka kumfukuza mbuzi wa watu aliyeingia kwenye mchicha, sauti ikatoka imekwaruza kama ya mgonjwa.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kinyaturu, mtu wa pande za Ikungi, mjane kama mimi, ila yeye alikuwa amezoea. Kati yetu palikuwa na uzio wa minyaa. Tulisalimiana kila asubuhi, mimi nikimpa shikamoo kwa sababu alinizidi zaidi ya miaka kumi, naye akiitikia huku anaendelea kufagia. Basi, salamu tu. Mimi ni Mnyiramba, na mara nyingine alinitania kwa lugha yake, nami nikamjibu kwa yangu, kila mmoja akijifanya hakumsikia mwenzake.

Asubuhi moja hakufagia. Alisimama kwenye minyaa akanisubiri nitoke nje.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mwalimu, una kazi gani leo?”

Nilitaka kusema ninazo nyingi. “Sina,” nikamwambia.

“Basi nikupe mimi. Nataka unifundishe Kiingereza.”

Nilidhani ananitania. Akaniambia habari zake akiwa amesimama palepale, mkono mmoja kiunoni. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikwenda kusoma ng’ambo akaolewa hukohuko. Mjukuu alikuwa na miaka mitano na hakujua Kiswahili, wala Kinyaturu, hata neno. Kila Jumamosi binti alipiga simu ya video na kumweka mtoto mbele ya kioo.

“Ananiangalia kama anavyoangalia katuni,” mama alisema. “Mimi nacheka, yeye anacheka. Tukishamaliza kucheka hatuna kingine. Anaondoka, nabaki naangalia kiti.”

Kesho yake saa nne alikuja barazani kwangu akiwa amevaa kitenge cha kutokea na miwani iliyofungwa uzi. Mkononi alikuwa na daftari jipya. Alisema mtoto anapenda kuhesabu, kwa hiyo tuanzie kwenye hesabu. Nikaandika kwa herufi kubwa: one, two, three. Alikuwa anasoma Kiswahili vizuri kabisa, alisoma Biblia yake kila siku. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

“O-ne,” akasoma.

“Hapana mama, tunasema wan.”

Akasogeza miwani. “Hapa pameandikwa one. Kama mtu anaposema, mwache aone. Hiyo W iko wapi?”

“Haipo. Ndivyo Kiingereza kilivyo.”

Akanitazama juu ya miwani. “Ndivyo kilivyo, maana yake hujui.”

Nilicheka, lakini maneno yale yaliniingia. Katika miaka yangu yote ya kazi ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Alikuwa msichana wa kidato cha kwanza, anakaa karibu na dirisha. Alinyoosha mkono akauliza kwa nini tunaandika hivi tunasoma vile. Nilikuwa nimechoka siku ile, nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, au labda niliona aibu kwa kutojua. Nikamjibu, “Umekuja kusoma au kubishana na kitabu?” Darasa zima likacheka. Sura yake nimeisahau. Ninachokumbuka ni ule mkono, ulivyoshuka taratibu, na kwamba haukupanda tena mwaka ule mzima. Sikumwomba radhi. Sasa sijui yuko wapi, na sina namna ya kumtafuta.

Siku iliyofuata nilitembea hadi Utemini, kwenye shule niliyomalizia kazi. Simu yangu ilijua kutafsiri tu, lakini nilikumbuka maktaba ya shule ilikuwa na kamusi moja kubwa ya Kiingereza iliyoeleza asili ya maneno. Niliwahi kuitumia mara nyingi kutafuta maana. Ile sehemu ya maandishi madogo mwishoni mwa kila neno, inayoeleza lilikotoka, nilikuwa nairuka. Mwalimu wa maktaba alikuwa binti mgeni, hakunijua. Aliniuliza nimetoka ofisi gani. Nikamwambia nimekuja tu kuangalia neno moja.

“Neno gani, baba?”

“One.”

Alinitazama kwa huruma kidogo, kisha akanionyesha kabati. Kamusi ilikuwa rafu ya chini kabisa, mchwa wamekula mgongo wake. Nilikaa nayo mpaka kengele ya chakula ilipolia.

Nilichokisoma kilinishangaza, mzee mzima. Neno hilo zamani sana lilikuwa an, lenye a ndefu. Miaka ilivyokwenda a ile ikageuka kuwa o, na hapo ndipo maandishi yakasimama. Lakini vinywa havikusimama. Watu wa upande wa magharibi wa nchi yao, watu wa mashambani, walikuwa na tabia ya kutanguliza W, na matamshi yao yakasambaa mpaka yakaingia mjini na kukubalika. Hakuna aliyerudi kurekebisha maandishi. Pia niliona kwamba ile a na an tunayowafundisha watoto siku ya kwanza, a book, an egg, ni one hilohilo lililochakaa kwa kutumiwa. None ni one lililokanushwa. Hata ndani ya eleven limo: wahesabuji wa kale walifika kumi, wakaona kimebaki kimoja, wakaita hivyo, moja iliyobaki.

Halafu nikafika kwenye alone. Kamusi ilisema ni maneno mawili yaliyoshikana, all na one, yaani mmoja kabisa, mmoja na hakuna zaidi. Na kwa kuwa neno lilianza na a, watu baadaye walidhani hiyo a inaweza kukatwa, wakaikata, likabaki lone, na kutokana nalo wakatengeneza lonely. Nilikuwa nimelifundisha neno hilo mara ngapi? Niliandika ubaoni, nikaweka mfano, He is lonely because he has no friends, nikapangusa chaki, nikaenda nyumbani ambako mke wangu alikuwa anapika mlenda. Nikaifunga kamusi, nikairudisha mahali pake.

Nilimweleza mama habari za W. Za alone nilinyamaza.

“Kwa hiyo watu wa shamba walitamka hivyo, watu wa mjini wakaiga?” aliuliza.

“Inaonekana ndivyo.”

“Na maandishi yakabaki ya zamani?”

“Yakabaki.”

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. “Basi sikukosea. Mimi nimesoma kilichoandikwa. Wao ndio wamehama.”

Tuliendelea hivyo, saa nne kila siku isipokuwa Jumapili. Alihesabu punje za mahindi, alihesabu vifaranga, alihesabu majani ya mchicha wangu. Alipofika kumi na moja alikuwa anainua kidole kimoja na kusema kwa Kiswahili, “Kimebaki,” kisha kwa Kiingereza, “Eleven.” Mimi nilianza kuamka mapema nikifagia baraza. Nilinunua chaki, nikatundika ubao mdogo ukutani. Siku alizochelewa nilikuwa naenda mara mbili kwenye minyaa kuchungulia, nikijisingizia natafuta kuku.

Jumatatu moja alikuja na mashaka.

“Mwalimu, yule mtoto nadhani hajui kuhesabu.”

“Kwa nini?”

“Jumamosi amenionyesha viatu. Viko viwili, nimeviona. Ameshika kiatu anasema one. Ameshika cha pili anasema one. Halafu akaleta mdoli, naye pia one.”

Nilimwomba akumbuke maneno yalivyokuja. Alifumba macho. “This one. Not that one.”

Nikamweleza kwamba hapo mtoto hakuwa anahesabu. Kwa Kiingereza, ukishajua kinachozungumzwa, hulitaji tena jina la kitu, unaweka one mahali pake. Kama sisi tunavyosema hiki, kile. Alifikiri kidogo.

“Kiatu kimekuwa one.”

“Ndiyo.”

“Na mdoli. Na mtu je?”

“Na mtu pia,” nikasema. “Mtoto mdogo wanaweza kumwita little one. Na mtu unayempenda ni loved one.”

Nilipotamka hayo ya mwisho nikaiweka chaki chini. Siku za msiba mwenzangu mmoja wa zamani wa kazini alinitumia kadi ya pole kwa Kiingereza, na ndiyo maneno yaliyokuwamo, kwamba anasikitika kwa kuondokewa na loved one wangu. Wakati ule kadi ile iliniudhi. Mwanamke aliyekuwa na jina, aliyekoroma, aliyependa chumvi nyingi, amekuwa one. Kama kiatu. Nilikuwa nimeiweka kadi chini ya godoro nisiione.

Mama akawa anapanga punje zake za mahindi kwenye mstari. Baadaye sana ndipo aliposema, “Marehemu wangu alikuwa hapendi mlenda. Mnyaturu hapendi mlenda, umeona wapi?” Nikacheka, na machozi yakanitoka hapohapo. Hapo ndipo nilipomweleza nilichokiona kwenye kamusi, alone ni nini na imetoka wapi, na jinsi walivyoikata ikawa lonely.

Alisikiliza vizuri. “Mmoja kabisa,” akarudia.

“Ndiyo, mama.”

“Hawa watu wa ajabu. Sisi moja yetu inakusanya. Pamoja. Si ni moja hiyohiyo? Pa-moja, mahali pamoja. Wao wakishika moja wanamfungia mtu nje.”

Miaka thelathini na mmoja, na sikuwahi kuliona. Nililiandika ubaoni, nikapiga mstari chini yake. Hata hivyo sitaki kusema lilinitibu. Alipoondoka saa sita nyumba ilirudi kuwa ileile, na pamoja ile ilibaki pale ukutani, chaki tu.

Likizo ya mwisho wa mwaka binti yake alikuja na mtoto. Nilisikia gari asubuhi, nikasikia vigelegele vya wanawake wa mtaani, nikabaki ndani. Si vizuri kuingilia watu ambao hawajaonana miaka mingi. Mama alikuwa ameandaa sentensi, tulifanya nayo mazoezi wiki mbili: I am your grandmother and I am happy to see you. Baadaye alinisimulia kwamba mtoto alipomwona alijificha nyuma ya mama yake, na sentensi yote ikapotea, likabaki neno moja mdomoni. Akasema, “One.” Mtoto akachungulia. Bibi akainua kidole cha pili, na kabla hajasema, mtoto akasema, “Two.” Walihesabu mpaka ishirini palepale mlangoni, mizigo ikiwa bado kwenye gari.

Siku zilizofuata nilizisikia sauti zao ng’ambo ya minyaa. Wakati mwingine mtoto alimrekebisha bibi yake kwa ukali, kama mwalimu mkuu, na bibi akawa anarudia bila kuchoka. Sikuitwa na sikujipeleka. Saa nne ilikuwa inafika, nakaa barazani na chaki mfukoni, halafu inapita. Nilijiambia nafurahi, na kweli nilifurahi, lakini ni furaha ya mtu aliyesimama nje ya dirisha la sherehe.

Wiki ya pili waliniita chakula cha mchana. Walichinja kuku. Binti alikuwa mpole, akanishukuru kwa Kiswahili kilichoanza kupata kutu. Mtoto alinikagua kutoka viatu mpaka mvi. Kisha akauliza, kwa Kiingereza safi chenye haraka, “Are you the one who taught my bibi?”

Mama alikuwa anapakua wali, akasimamisha mwiko. Aliifuata sentensi ile, nikamwona anaifuata neno kwa neno, mpaka akafika. Akanigeukia. “Anakuuliza kama ni wewe,” akasema kwa Kiswahili, kana kwamba mimi ndiye ninayehitaji kutafsiriwa. “Si mwingine. Wewe.”

“Yes,” nikamjibu mtoto. “I am the one.”

Sikuweza kula vizuri baada ya hapo. Nilitafuna kuku nikiangalia sahani.

Siku hiyohiyo waliniambia jambo lingine. Binti alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili na alitaka mama aende kukaa naye. Pasipoti ilikuwa tayari. Mama hakuwa amenieleza, alisema alikuwa anaogopa isije ikakwama. Lakini nadhani aliogopa kunieleza. Aliniomba niwaangalie kuku wake, nikakubali. Nikampa mkono wa heri, nikarudi kwangu kupitia kwenye tundu la minyaa lililofunguka kwa kupitapita kwetu.

Niliwasindikiza stendi asubuhi ya safari. Upepo ulikuwa mkali, vumbi linapiga macho, na mama alikuwa amejifunga kitenge kichwani kama anakwenda shamba. Mtoto alikaa dirishani akinipungia. Kabla ya kupanda, mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Mwalimu, usikae kimya mpaka sauti ikaota kutu. Zungumza hata na kuku.”

“Nitazungumza, mama.”

“Wale wangu wanasikia Kinyaturu. Usiwachanganye.”

Basi liliondoka. Nilirudi Mandewa kwa miguu ingawa bodaboda walikuwa wananiita njia nzima.

Sasa ni miezi saba. Alikuwa amesema atakaa mitatu. Mtoto amezaliwa, wa kiume, na bibi anahitajika, hilo naelewa. Mwanzoni alinipigia kila wiki akinisimulia vituko, jinsi alivyokwenda dukani mwenyewe akaomba vitunguu na akaeleweka. Siku hizi sauti yake imepungua kasi. Binti na mkwe wanakwenda kazini, mtoto mkubwa yuko shule, kichanga kinalala. Anasema kwenye ngazi za jengo lao watu wanapishana bila salamu. Amejaribu kuwaambia good morning, wanashtuka.

Juzi alipiga mchana. Hakuwa na habari yoyote. Aliniuliza kuku, nikamwambia wazima, tetea wake mwekundu ameangua. Nikasikia kitu kama mashine ya kufulia ikizunguka nyuma yake.

“Mwalimu,” akasema, “niambie chochote. Usinifundishe. Niambie tu kwa Kiswahili.”

Nilitoka nje na simu. Nikamweleza kwamba alizeti ya yule jirani wa kona imevunwa, imeanikwa kwenye turubai mpaka barabarani, na watoto wanaipita kwa kuruka. Nikamwambia kwenye maji ya ziwa Singidani nimeona ndege wengi, wamejaa upande mmoja. Nikamwambia kuna fundi anapiga lipu ukuta wangu wa nyuma, mwishowe, na kwamba anaimba vibaya. Alicheka. Nikamwambia upepo unavuma kutoka upande wa Ikungi.

“Umetoka kwetu huo,” akasema.

“Ndiyo, mama. Umekuja na vumbi lenu lote.”

Alitaka kusema kitu, simu ikakatika. Bando lilikuwa limekwisha, sijui la kwangu au la kwake. Nilisubiri kidogo nikiwa nimesimama palepale uani, kama angepiga tena. Fundi aliniita nije nione pembe ya ukuta, kama imenyooka. Nikaenda kuitazama.